Ritifaa ya Ng'iresi: Kutengeneza Dosari katika Programu ya Kutafuta Maneno

Kaskazini ya mji wa Arusha, kwenye mitelemko ya Mlima Meru, kipo kijiji kiitwacho Ng'iresi. Si mbali nacho ziko Ngarenaro na Ngaramtoni. Na msafiri akiuzunguka mlima kwa upande wa mashariki atafika kwenye kasoko ya Ngurdoto, kisha Ngarenanyuki. Majina haya yote huanza kwa herufi mbili zile zile, N na G. Hata hivyo, msomaji wa Kiswahili hutamka la kwanza kwa namna yake peke yake, kwa kuwa limebeba alama ndogo juu ya mstari ambayo wanasarufi huiita ritifaa. Makala haya yahusu alama hiyo, na jinsi inavyoweza kuishinda programu ya kompyuta ambayo imetumika duniani kote kwa zaidi ya miaka hamsini.

Programu yenyewe yaitwa grep. Kazi yake ni rahisi kuielezea. Mtumiaji huandika kwa kibodi amri ya mstari mmoja, akitaja neno alitafutalo na faili la maandishi. Programu hulisoma faili mstari baada ya mstari, na kumwonyesha ile mistari tu yenye neno hilo. Haina picha wala vitufe vya kubonyeza kwenye kioo. Iliandikwa mwaka 1973 na Ken Thompson wa Bell Labs, Marekani. Brian Kernighan, aliyefanya kazi naye huko, amesimulia kwamba mwenzao mmoja, Lee McMahon, alitaka kuzichunguza insha za Federalist, yaani zile insha 85 za karne ya 18 zilizoitetea katiba ya Marekani, ili abainishe ni nani aliyeandika ipi. Programu ya kuhariri waliyokuwa nayo, iliyoitwa ed, haikuweza kulimeza faili lenye insha hizo, kwani kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ndogo mno. Ndipo Thompson akaichomoa ndani ya ed ile sehemu ya kutafuta, akaifanya programu inayojitegemea. Hata jina lake latokana na amri ya ed: g/re/p, yaani kila mahali, tafuta ruwaza hii, kisha chapa.

Msomaji aangalie vema kwamba maandishi ya kwanza kutafutwa yalikuwa ya Kiingereza. Katika lugha hiyo ritifaa huonyesha herufi zilizoachwa au umilikaji, na mara nyingi hukaa karibu na mwisho wa neno. Katika Kiswahili ritifaa imo ndani ya shina lenyewe. Haionyeshi kuwa kitu kimeachwa. Yenyewe ni sehemu ya herufi, kwani alama tatu kwa pamoja, n na g na ritifaa, husimama badala ya sauti moja ya king'ong'o. Kung'oa ni kuchomoa kitu ardhini, na ngoa ni wivu au tamaa. Ukiiondoa ritifaa hulifupishi neno, bali wabadilisha maana.

Mtu aweza kuuliza kwa nini tusumbuke na nukta ndogo kiasi hiki. Jibu ni kwamba Arusha ni mji wa nyaraka. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa azimio namba 955 la Novemba 1994, ilifanya kazi yake mjini hapa hadi mwisho wa mwaka 2015, na kumbukumbu zake zimehifadhiwa Lakilaki, nje kidogo ya mji, chini ya taasisi iliyoirithi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo Arusha, hali kadhalika makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nyaraka zikifika wingi wa namna hii, hakuna binadamu awezaye kuzisoma zote, na kazi ya kutafuta huachiwa mashine. Anayetafuta jina la shahidi, la kijiji au la mpaka wa shamba hutegemea jibu la mashine; na mashine ikinyamaza, yeye huandika katika ripoti yake neno “hakuna”. Lakini kunyamaza kwa mashine kuna maana moja tu, kwamba haikuona. Mwenye kesi mahakamani anajua tofauti ya mambo hayo mawili kuliko sisi wanasayansi.

Sasa na tuitazame dosari yenyewe kwa utaratibu. Kikwazo cha kwanza hakimo hata katika grep. Mwanafunzi anayeanza huandika hivi:

grep ng'ombe mifugo.txt

kisha hubonyeza kitufe cha kuingiza. Hakuna kitokeacho. Kompyuta huonyesha alama ya > na kukaa kimya, na mwanafunzi hudhani mashine imeganda. La hasha. Programu ipokeayo amri, ambayo husimama kati ya mtumiaji na grep, huichukulia ritifaa kuwa ni alama ya kufungulia nukuu. Basi yangoja alama ya kufungia, nayo itangoja hadi kesho. Dawa yake ni kulizingira neno kwa alama za nukuu maradufu: grep "ng'ombe" mifugo.txt. Nimeona wanafunzi hodari wakiacha kutumia mstari wa amri kwa ajili ya jambo hili peke yake, na kwa maoni yangu kila kitabu cha kompyuta kinachoandikwa kwa ajili ya shule zetu chapaswa kulitaja katika ukurasa wa kwanza.

Kikwazo cha pili kimejificha zaidi. Katika zoezi moja niliwapa wanafunzi wangu faili la majina ya vijiji lililokusanywa kutoka katika hati mbalimbali, nikawaomba watafute Ng'iresi. Programu ilileta baadhi ya mistari na kuiacha mingine, ilhali kwa macho mistari hiyo ilikuwa sawa. Hapa ndipo yapasa kutumia ile kanuni ya kwanza ya fundi yeyote, awe wa saa au wa programu: dosari ipunguzwe hadi ibaki peke yake. Tukafuta faili lote, tukabakiza mistari miwili tu, mmoja ulioonekana na mmoja usioonekana. Kisha tukatumia programu nyingine iitwayo od, ambayo haionyeshi herufi bali namba zilizoandikwa katika kumbukumbu ya mashine, yaani baiti zenyewe. Matokeo yalikuwa haya:

78 103 39 105 114 101 115 105

78 103 226 128 153 105 114 101 115 105

Mstari wa kwanza una baiti nane, wa pili una kumi. N ni 78 na g ni 103 katika mistari yote miwili, na kuanzia 105, ambayo ni i, namba zalingana hadi mwisho. Kilichotofautiana ni ritifaa. Katika mstari wa kwanza ni baiti moja, 39. Katika wa pili ni baiti tatu, 226, 128 na 153.

Maelezo yake ni haya. Jedwali la misimbo liitwalo ASCII, lililotolewa Marekani mwaka 1963, lina nafasi 128 tu, na humo ritifaa ina namba 39, ambayo hutumika pia kama alama ya nukuu. Unicode, jedwali la leo lenye nia ya kubeba maandishi ya lugha zote za dunia, lina nafasi zaidi ya milioni moja, na ndani yake wanaofanana na ritifaa ni ukoo mzima: 39 iliyonyooka, 8216 na 8217 zilizopinda kushoto na kulia, na 700 ambayo tutaizungumzia punde. Tena ipo 96, alama ya mlazo ambayo wengi huibonyeza kwa kukosea kitufe. Mtu akiandika kwa mashine ya kawaida ya mstari wa amri hupata 39. Akiandika barua kwa programu ya kuandalia hati, programu hiyo humrekebishia bila kumwuliza na kuweka 8217, kwa kuwa yapendeza zaidi kwenye karatasi. Namba hiyo 8217 huandikwa kwa baiti tatu kufuatana na utaratibu wa UTF-8, uliobuniwa mwezi Septemba 1992 na Rob Pike pamoja na yule yule Ken Thompson. Hivyo mtu mmoja alitupa chombo cha kutafutia, na miaka 19 baadaye akashiriki kutupa maandishi ambayo chombo hicho, kikiachwa kilivyo, chashindwa kuyaona kuwa ni neno moja. Simlaumu. Alikuwa akitatua tatizo lingine.

Dawa ya haraka ni kuiambia grep ikubali mojawapo ya alama hizo, kwa kuziweka ndani ya mabano ya mraba:

grep "[Nn]g['’ʼ]iresi" vijiji.txt

Amri hii hufanya kazi, lakini kwa sharti. Kompyuta lazima iwe imewekwa kusoma UTF-8. Ikiwa imewekwa katika hali ya zamani ya baiti moja moja, mabano hayo huchukua baiti moja tu kwa wakati, na ritifaa ya baiti tatu haitoshi ndani yake. Jambo hilo huwachanganya sana wanafunzi, kwani amri ile ile hufaulu kwenye mashine ya dawati hili na kushindwa kwenye ya dawati la pili. Mwalimu aanze kwa kukagua mpangilio wa lugha wa kila mashine kabla ya kumlaumu yeyote.

Kikwazo cha tatu ndicho kilichonivutia mimi zaidi, kwa kuwa hapa swali si la namba tena bali ni la isimu: neno ni nini? Grep ina chaguo liandikwalo -w, ambalo huiagiza itafute neno zima, si kipande cha neno. Kwa programu hiyo, neno ni mfululizo wa herufi, tarakimu na ule mstari wa chini. Ritifaa ya 39 au ya 8217 haimo katika orodha hiyo, kwa hiyo ni ukuta. Ukimwambia mtafutaji huyu alete neno zima “ombe”, atakuletea kila ng'ombe wa Tanzania. Ukimwambia alete “iresi”, ataleta Ng'iresi. Na programu zihesabuzo maneno kwa kanuni hiyo hiyo hukata king'ora vipande viwili, “king” na “ora”. Anayekusanya takwimu za Kiswahili hushangaa kukuta mfalme wa Kiingereza akitembea katika taarifa za zimamoto.

Je, hii ni dosari ya watengenezaji wa grep? Mimi nasema hapana, na sababu yangu yapatikana hapa hapa Arusha. Mahakama ile niliyoitaja ilisikiliza mashahidi kwa Kinyarwanda, na lugha zake rasmi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Katika Kinyarwanda, n'abantu ni maneno mawili yaliyokutana, “na” pamoja na “abantu”, nayo ritifaa yaonyesha irabu iliyomezwa. Kifaransa hufanya vivyo hivyo kikiandika l'homme. Kwa lugha hizo kukata kwenye ritifaa ni sawa kabisa, na mtafutaji wa neno abantu atashukuru. Kwa Kiswahili kukata ni kosa. Hakuna kanuni moja itakayoziridhisha pande zote, na mtengenezaji aliyeko mbali hawezi kujua faili lililo mbele yetu ni la lugha gani. Dosari iliyo yao kweli wao huitengeneza. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, kwa mfano, walirekebisha kosa lililotokana na herufi ya Kituruki, I kubwa yenye nukta, ambayo huchukua baiti mbili ilhali i ndogo huchukua moja; programu ilidhani herufi kubwa na ndogo zina urefu sawa, ikapoteza hesabu. Hii yetu ni juu yetu.

Ufumbuzi tulioufikia umejengwa juu ya ile namba 700. Unicode huihesabu alama hiyo kuwa ni herufi, wala si alama ya uakifishaji, na kwa kweli ndiyo iliyokusudiwa kwa lugha ambazo ritifaa ni sehemu ya sauti. Kwa haki, kila ng'ombe angeandikwa kwa namba 700. Lakini haimo katika kibodi za kawaida zinazouzwa madukani, na mambo ya lugha huamuliwa na kibodi kuliko na kamati. Basi tukafanya hivi: kabla ya kutafuta, maandishi hupitishwa katika programu ndogo iitwayo sed, ambayo kila ikutapo n na g zikifuatwa na ritifaa ya namna yoyote, kisha irabu, hugeuza ritifaa hiyo kuwa 700. Swali la mtafutaji nalo hugeuzwa vivyo hivyo. Baada ya hapo grep huona herufi tupu, na chaguo la -w hufanya kazi bila kubadilishwa chochote ndani yake. Faili la asili haliguswi. Kinachotafutwa ni nakala, na kwa kutumia chaguo la -n, linalotaja namba ya mstari, mtafiti hurudi kwenye asili na kusoma maandishi kama mwandishi alivyoyaandika. Kwa nyaraka za mahakama au za historia sharti hilo halina mjadala.

Kanuni ya irabu ilipendeza hadi mwanafunzi mmoja kutoka Shinyanga alipojaribu jina la Ng'wanamalundi, yule mtu mashuhuri wa Usukuma. Likapotea. Katika Kisukuma w hufuata ritifaa mara nyingi, na Kiswahili chenyewe kina kung'wafua. Tukaongeza w katika orodha. Kisha mwingine akauliza kuhusu alama za nukuu: itakuwaje mwandishi akiandika 'Beijing' kati ya ritifaa mbili? Hapo Kiswahili kilitusaidia, kwa sababu maneno yake hayaishii kwa ng. Neno la kigeni likiishia hivyo, ritifaa ya kufungia hufuatwa na nafasi au nukta, wala si irabu au w, na kanuni haiigusi. Kila mfano uliotushinda, hata kwa dakika moja, tuliuandika katika faili la majaribio pamoja na jibu litarajiwalo: ng'ombe, king'ora, Ng'iresi, Ng'wanamalundi, 'Beijing', n'abantu, ngoa na ng'oa. Yeyote anayebadilisha kanuni huliendesha faili hilo lote kwanza. Kwa maoni yangu faili hilo lina thamani kuliko ile kanuni yenyewe, ambayo ni mstari mmoja tu.

Bado kuna mambo ambayo marekebisho haya hayawezi. Ng'iresi katika hati nyingi huandikwa Ngiresi, bila alama yoyote. Twaweza kuiambia programu kwamba ritifaa ni ya hiari. Lakini tukifanya hivyo kwa maneno yote, ngoa na ng'oa zitaletwa kwa kikapu kimoja. Mazoea yangu ni kuilegeza kanuni kwa majina ya watu na mahali, na kuikaza kwa maneno ya kawaida. Tatizo la vitenzi, ambalo humfanya mtafutaji wa “piga” asione “wamepigiana” isipokuwa akate shina, ni kubwa zaidi na lahitaji uchanganuzi wa viambishi. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alilifanyia kazi kwa miaka mingi, nalo ni somo la makala nyingine.

Zaidi ya hayo, zipo tahajia ambazo hakuna ritifaa itakayoziunganisha. Mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu karibu Wameru 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, aliifikisha kesi yao mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York. Vitabu vya historia vya Kiingereza huandika mahali hapo Engare Nanyuki, kwa kufuata Kimaasai, ambamo jina hilo lamaanisha maji mekundu. Hati nyingine huandika Ngare Nanyuki, kwa maneno mawili. Mwanafunzi wa leo akitafuta “Ngarenanyuki” kama kilivyo kibao cha barabarani, mashine yaweza kumjibu kwamba katika mkusanyo wote wa kesi ya ardhi ya Meru mahali penyewe hapatajwi. Dawa hapa si programu, bali orodha ya tahajia zote za kila jina, iliyoandikwa na mtu anayepafahamu mahali hapo. Kwa hiyo mzee wa kijiji asiyewahi kugusa kompyuta aweza kuwa fundi wa lazima katika kazi hii.

Mwalimu apendaye kulijaribu jambo hili darasani hahitaji mtandao wala mashine mpya. Kompyuta yoyote yenye Linux yatosha, maana grep, sed na od zimo tayari. Kila mwanafunzi alete majina kumi ya mahali katika wilaya yake, nusu yaandikwe kwa programu ya kuandalia hati na nusu kwa mstari wa amri, kisha mafaili yote yaunganishwe kuwa moja. Dosari zitajitokeza zenyewe kabla ya kengele ya kipindi kulia.